Kifafa: Urithi wa Mwili au Hatia ya Ukoo?

Ndugu wasomaji, mwenye kufanya kazi ya tabligh huulizwa maswali mengi juu ya Umoja wa Mungu, juu ya sala na juu ya maisha baada ya kufa, na majibu yake yamo vitabuni. Lakini yako maswali mengine ambayo muulizaji huja nayo akiwa na mgonjwa nyumbani au posa iliyokwisha pokelewa, na jibu atakalopewa huamua jambo siku ile ile. Swali ninalotaka kulieleza hapa ni la namna hiyo. Niliulizwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, nami niliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza nilijibu nusu tu, na ile nusu niliyoiacha ilimdhuru mtoto.

Jibu la nusu

Mzee mmoja, aliyekuwa ameingia katika Islam mwaka mmoja tu kabla ya hapo, alinijia baada ya sala ya Ijumaa. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akianguka kifafa. Mganga alikwisha mwambia kwamba yuko jini wa ukoo anayedai mbuzi mweusi, na kwamba kuacha kwake mila ndiko kulikomkasirisha jini huyo. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo cha dini ng'ambo, na hoja zilinijaa kichwani. Nikamweleza kwamba kumchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki. Nikamweleza pia kwamba neno jini katika lugha ya Kiarabu lina asili ya kufichika, nalo halimlazimu mtu kuamini kwamba mzimu huingia katika kichwa cha mtoto.

Kisha nikamsimulia habari iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume Muhammad s.a.w. Mwanamke huyo alikuwa akianguka kifafa hata nguo zake zikamfunuka, akaomba aombewe. Mtume s.a.w. alimpa hiari: ama asubiri na malipo yake yawe Pepo, ama aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke tena, naye akaombewa. Tazameni heshima hii! Mtu ambaye leo angekimbiwa sokoni alihesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa Peponi.

Nikamwambia mzee yule, "Basi subirini." Akanishukuru, akaenda zake. Sikumwuliza kama mtoto amepata kupelekwa hospitali.

Miezi mitatu baadaye, jioni moja mama yake alipokwenda kuteka maji, mtoto alianguka katika mafiga, na mguu wake wa kulia ukaungua vibaya. Nilipouona mguu ule nilifahamu kwamba nilikuwa nimeishika hadithi kwa upande mmoja. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, na alijichagulia mwenyewe. Mtoto yule hakupewa hiari yo yote. Mimi na baba yake ndio tuliomchagulia. Tena Mtume yule yule s.a.w. alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaagiza watumie, akawafahamisha kwamba Mungu hakuweka ugonjwa pasipo kuweka na dawa yake, isipokuwa uzee. Subira isiyotafuta dawa, hali dawa ipo, si subira aliyoifundisha Mtume s.a.w. Ni uzembe uliovikwa kanzu ya dini.

Swali la pili

Mtoto alipelekwa hospitali, akaanzishiwa dawa. Miaka mitatu ikapita. Dada yake akaposwa na kijana mwema wa kijiji cha jirani. Ndipo baba wa kijana yule, mfugaji na Mwislamu wa siku nyingi, aliponijia akasema: "Maalim, mambo ya majini nimekwisha yaacha. Lakini hata madaktari husema kifafa kimo katika damu, kinarithiwa. Basi nikiivunja posa hii, si nitakuwa nimefuata elimu?"

Ndugu msomaji, swali hili ni gumu kuliko la kwanza. Mtu wa kwanza alitishwa na mganga, na mganga ni rahisi kumpinga. Huyu wa pili alileta hoja ya elimu, na sehemu ya hoja yake ni kweli. Je, tukijua kwamba ugonjwa hupita katika ukoo, elimu hiyo yatupa ruhusa ya kuuhukumu ukoo? Jibu langu ni hapana, nami nitaeleza sababu zake moja moja.

Yaliyoonekana Mahenge

Ushahidi hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Kusini mwa uwanda wetu huu wa kati, katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, kifafa kimechunguzwa kwa zaidi ya miaka sitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norwei, Dk. Louise Jilek-Aall, aliwakuta huko Wapogoro wengi wenye kifafa. Walikuwa wakiishi kwa kutengwa, na wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka wasije wakaambukizwa kwa mate yake. Akafungua kliniki, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Akaona pia kwamba ugonjwa ulikusanyika katika koo fulani.

Mwaka 1989 wachunguzi walikusanya habari za jamaa zaidi ya 1,600 wa wagonjwa 26, katika familia 20. Hesabu zake zilichapishwa mwaka 1995, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo tabibu Mtanzania, Dk. H. T. Rwiza. Ilionekana kwamba jamaa wa karibu kabisa wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto, au ndugu wa baba na mama mmoja, walikuwa na hatari ya kiasi cha 15 katika 100. Jamaa wa daraja la pili, kama vile mpwa, mjomba au mjukuu, hatari yao ilikuwa kiasi cha 6 katika 100. Tena hesabu hazikuelekea kwenye kinasaba kimoja peke yake chenye kosa.

Basi mzee wetu hakusema uwongo. Lakini mwenye kushika hesabu aifuate mpaka mwisho. Binti yule alikuwa mzima, na watoto atakaowazaa wangekuwa wapwa wa mgonjwa, yaani jamaa wa daraja la pili. Hata tukichukua hesabu za Mahenge, mahali penye kifafa kingi kupita kiasi, katika kila wapwa 100, 94 wangesalimika. Na katika uchunguzi mrefu uliofanywa Minnesota, Marekani, hata jamaa wa karibu kabisa waliopatwa kufikia umri wa miaka 40 walikuwa chini ya 5 katika 100. Je, ni haki kuvunja nyumba ya watu kwa hofu ya jambo ambalo kwa walio wengi halitatokea?

Vinasaba ni nini

Neno vinasaba limetokana na nasaba. Ni maagizo madogo mno yaliyomo katika chembe za mwili, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, nayo huuelekeza mwili namna ya kujijenga. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu mfano wa umeme, na katika kuta za chembe zake imo milango midogo ambayo kwayo chumvi huingia na kutoka. Agizo la kuunda mlango likiwa na tofauti ndogo, mlango huweza kufunguka au kufungwa si kwa wakati wake, umeme ukavurugika, na mtu akaanguka. Kinasaba cha kwanza kilichotambuliwa kuwa chanzo cha kifafa cha kurithiwa kilijulikana mwaka 1995, katika ukoo mmoja wa Australia ambao watu wake walipatwa na kifafa usiku usingizini. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi walilinganisha watu karibu 30,000 wenye kifafa na wengine zaidi ya 52,000 wasio nacho. Wakaonyesha sehemu 26 za vinasaba ambazo tofauti zake huongeza hatari kidogo kidogo. Walio wengi katika watu hao walikuwa wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mwenye kuzitumia hesabu hizo juu ya ukoo wa Kigogo au wa Kirangi hana budi kuwa mwangalifu.

Hapa yapo mambo mawili ambayo kila mposaji na kila mkwe apaswa kuyajua.

La kwanza, tofauti hizi ndogo zimetawanyika katika wanadamu wote. Mwenye kuuchunguza ukoo wa mwenziwe anazo zake asizozijua, na ukoo usio na tofauti yo yote haupo duniani.

La pili, kiko kifafa kikali cha watoto wachanga ambacho mara nyingi chanzo chake ni badiliko katika kinasaba kimoja cha ile milango tuliyoitaja. Badiliko hilo, kwa walio wengi, ni jipya kwa mtoto mwenyewe, wala halikuwamo kwa baba wala kwa mama. Ni wanawake wangapi walioachwa kwa kuambiwa kwamba wameleta ugonjwa kutoka kwao, hali katika miili yao hakikuwamo kitu cha kuleta! Na manufaa ya kukijua kinasaba hicho ni tiba, kwani baadhi ya dawa zinazowafaa wagonjwa wengine huwazidishia watoto hawa maradhi, na daktari mwenye kujua huwachagulia nyingine.

Damu na mto

Huenda mtu akasema, "Walakini Mahenge ugonjwa ulikuwa katika koo, na hilo latosha." Jawabu ni kwamba halitoshi. Mwaka 1992 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa wilaya hiyo ya Ulanga, uliohusu watu wapatao 18,000 katika vijiji 11. Kwa wastani wenye kifafa walikuwa 10 katika 1,000, lakini kijiji kimoja kilikuwa na 5 tu, na kingine 37. Wilaya ni moja, kwa nini vijiji vitofautiane hivyo?

Mwaka 2018 wachunguzi wengine walichapisha habari za vijiji vinne vya Mahenge. Katika vijiji vya mashambani wenye kifafa walikuwa 3.5 katika 100, na katika vile vilivyo karibu na mji 1.5. Huko huko mashambani ndiko watoto wengi zaidi walikoonekana kuwa na dalili za ugonjwa wa usubi, ule uletao upofu, ambao minyoo yake huenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Jambo kama hilo limeonekana kaskazini mwa Uganda. Watoto walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa kusinzia kichwa, na baada ya dawa ya usubi kutolewa kwa bidii na inzi wa mitoni kupigwa vita, wagonjwa wapya walikoma. Namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo ingali inachunguzwa, lakini uhusiano wa mto na kifafa haukanushiki tena.

Basi ndugu wawili wa tumbo moja hushiriki damu, lakini hushiriki pia mto mmoja, chakula kimoja na choo kimoja. Aliyesema kwamba ukoo ule una laana alikosea, na aliyesema kwamba ni damu tu naye aliharakisha. Sehemu kubwa ya msiba wao ilikuwa mtoni, mahali ambapo dawa ingeweza kufika.

Uwanda wetu ni mkavu, na mito ya namna ile hatuna. Lakini sababu nyingine tunazo. Yako matatizo ya kuzaliwa, malaria ya kichwani na kuumia kichwa. Huko Haydom, wilaya ya Mbulu, picha za ubongo zimeonyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa wana vijidudu vya tegu wa nguruwe kichwani. Mwislamu asiseme kwamba hilo halimhusu kwa kuwa hali nyama hiyo. Mayai ya tegu hutoka katika choo cha binadamu mwenye tegu tumboni, yakaingia katika maji na mboga za jirani ye yote. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika habari za Mayahudi washika dini, wasiokula nguruwe kabisa, waliopatwa na vijidudu hivyo kichwani. Ikaonekana kwamba mayai yaliletwa nyumbani mwao na watumishi wenye tegu. Kwa hiyo usafi tulioamrishwa ni pamoja na choo cha kijiji kizima.

Elimu ilipofanywa kuwa fimbo

Wako waliokwisha fanya kama alivyotaka kufanya mzee wetu, nao walifanya kwa jina la elimu. Mwezi wa Julai 1933 serikali ya Hitler, Ujerumani, ilitunga sheria ya kuwahasi watu wenye magonjwa yaliyosemwa kuwa ya urithi, na kifafa kilitajwa ndani yake. Watu wapatao 400,000 walihasiwa kwa sheria hiyo, kwa magonjwa ya namna mbalimbali. Uingereza ndoa iliweza kubatilishwa kwa sababu ya kifafa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika sheria ya ndoa ya Wahindu nchini India neno kifafa liliondolewa mwaka 1999. Hawa wote hawakuamini mizimu. Walichukua elimu ya nusu, wakaiongezea hofu nzima, wakaifanya hukumu. Mganga hudai mbuzi; wao walidai uzao wa watu.

Hukumu ya dini

Kurani Tukufu imefundisha mahali pengi kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Na ndugu zetu Wakristo, ambao ni wengi hapa Ugogo, wanasoma katika Injili ya Yohana, mlango wa tisa, kwamba Yesu aliulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye akakana yote mawili. Basi katika neno hili vitabu vinakubaliana. Mtu hurithi sura, rangi na udhaifu wa mwili, lakini hatia hairithi.

Iko pia hadithi nyingine ambayo nilimsimulia mzee yule mfugaji. Bedui mmoja alimlalamikia Mtume s.a.w. kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, akataka kumkana. Mtume s.a.w. akamwuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Akajibu kwamba ni wekundu. Akamwuliza kama yumo wa rangi ya kijivu, akasema yumo. Akamwuliza ametoka wapi; akajibu kwamba labda ni asili ya zamani iliyomvuta. Mtume s.a.w. akamwambia kwamba huenda na mwanawe naye amevutwa na asili.

Mzee akacheka. Akasema, "Mimi nina ndama mweusi, mama yake mwekundu na fahali mwekundu, wala sikumlaumu ng'ombe." Nikamwambia, "Mzee wangu, uadilifu uliompa ng'ombe, usimnyime binti wa mwenzio."

Tazameni, wasomaji: Mtume s.a.w. hakukanusha urithi. Aliutaja, lakini aliutumia kuondoa tuhuma juu ya mwanamke, si kuileta. Kila elimu ya nasaba ijayo baada yake inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Ikiondoa tuhuma na kufungua mlango wa tiba, ni neema. Ikitumiwa kumtia aibu asiye na kosa, imegeuzwa kuwa dhuluma.

Wajibu wetu

Hata hivyo sikumwambia mzee kwamba jambo lile si kitu. Kwa wenye binti, wajibu ni kusema kweli. Kuficha ugonjwa wa nyumbani mpaka ndoa ifungwe ni hadaa, na hadaa huzaa chuki kubwa kuliko ugonjwa. Kwa wenye kuposa, wajibu ni kupima kwa haki na kutanguliza dini na tabia, kama tulivyofundishwa. Mwenye wasiwasi akaulize daktari, asiulize kisimani.

Kwa wote, wajibu ni kumtunza mgonjwa. Duniani wako watu wapatao milioni 50 wenye kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba hata 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakichunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Na katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba hiyo. Wengi hapa Dodoma huogopa hospitali kwa sababu jina la Mirembe limefanywa kuwa neno la mzaha kwa wenda wazimu. Kifafa si wazimu. Dawa hunywewa kila siku, wala haikatizwi ghafla bila shauri la daktari. Mtu akianguka, aondolewe penye moto na maji, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu cho chote kinywani, asikandamizwe. Dakika tano zikipita hajatulia, akimbizwe hospitali. Mate yake hayaambukizi. Na kama yule mwanamke wa Bukhari alivyoomba, asitiriwe nguo zake.

Posa haikuvunjwa. Baba wa binti alisema yote mbele ya wazee wa pande mbili, na haikuwa rahisi kwake. Baba wa kijana alisikiliza, kisha akasema kwamba kwa kuwa mtoto yule sasa atakuwa shemeji wa mwanawe, gharama ya nauli ya kwenda kuchukua dawa itabebwa na nyumba zote mbili. Mtoto angali akianguka mara chache katika mwaka, na kovu la mguuni halitaondoka. Kila nilionapo hukumbuka jibu langu la kwanza.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye huruma, na subira yenye jitihada, na atuepushe kumbebesha mtu mzigo usio wake. Amin.